Kitabu cha Wageni cha Tovuti ya Tulizana

Ipo nchi moja ambayo jina lake nalijua vizuri sana, ila leo nitalimeza. Si kwa woga, hasha. Ni adabu tu, maana nchi yenyewe haipendi kuitwaitwa ovyo. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi hadi nyingine imebidi ihifadhiwe kwenye majengo yenye kuta ndefu, na watu wanaopelekwa huko kuionja huwa hawarudi makwao. Mimi nadhani wananogewa.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na jarida la kila mwezi lililoitwa Tulizana. Kurasa thelathini na mbili. Thelathini zilikuwa picha za Mlezi wa Taifa akikagua vitu: daraja, ng'ombe, mtambo wa maji, daraja lilelile kwa upande wa pili. Moja ilikuwa ya mapishi. Na ya mwisho kabisa, ambayo ndiyo watu walianza nayo, iliitwa Orodha ya Wasiowahi Kuwepo.

Usishtuke, ulikuwa utaratibu wa kawaida kabisa. Mtu akishapelekwa kuionja amani, Wizara ya Habari na Usahaulifu ilichapisha jina lake na picha yake ndogo ya pasipoti, ili wananchi wamsahau kwa pamoja. Picha ilikuwa ya lazima, kwani utamsahauje mtu bila kuoneshwa ni yupi? Mwananchi alisoma, akaenda ofisi ya kata, akatia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba amesahau, akarudisha nakala yake ya jarida, nayo ikachomwa moto. Aliyepitisha siku saba bila kuirudisha aliingia toleo lijalo.

Nakala moja tu ya kila toleo ndiyo iliyobaki, ndani ya kabati la chuma katika chumba cha kumbukumbu cha jarida. Ilitunzwa kwa sababu ya msingi sana: ili mtu asije akafutwa mara mbili, jambo ambalo lingekuwa upotevu wa mali ya umma. Mwenye ufunguo wa kabati hilo alikuwa Bi Sikudhani Mbaruku.

*

Sikudhani aliajiriwa kuwa mtunza kumbukumbu, na kifaa alichokabidhiwa siku ya kwanza, kwa kutia sahihi, kilikuwa wembe. Jina likitoka kwenye Orodha, yeye alipitia matoleo yote ya nyuma, akatafuta kila palipotajwa jina hilo na kila ilipotokea sura hiyo, akapaondoa. Orodha yenyewe tu ndiyo haikuguswa. Na usiione kazi ndogo hiyo. Kuna namna ya kumtoa mtu kwenye picha ya kundi bila kumgusa bega Waziri aliyesimama karibu naye, na Sikudhani aliijua. Miaka kumi na minne alitoa watu na hakuwahi kuchana ukurasa hata mmoja. Walimpa na cheti.

Miaka tisa kabla ya haya ninayosimulia, Orodha ilimtaja mpigapicha wa jarida hilohilo, bwana mmoja mpole aitwaye Shaweji, kwa kosa la kumpiga picha Mlezi wa Taifa akiwa anapiga chafya. Shaweji alikuwa mume wa Sikudhani.

Walikuja nyumbani watu wanne wasio na majina wala hati. Wakamchukua yeye, wakachukua albamu, wakachukua picha ya harusi, wakachukua na ile kubwa ya ukutani ambayo mama yake Shaweji alikuwa akiisalimia kila asubuhi. Ukutani ikabaki alama nyeupe ya mraba. Jumatatu yake Sikudhani aliingia kazini, akapewa wembe, akaanza kumtoa mumewe. "Picha na Shaweji," ndivyo ilivyoandikwa chini ya kila picha, ukurasa hadi ukurasa, toleo hadi toleo. Ilimchukua wiki sita. Hakulia mezani, kwa sababu machozi yangeharibu karatasi na karatasi ni mali ya serikali. Alilia chooni, saa saba mchana, katika muda wake halali wa mapumziko.

Basi duniani kote sura ya Shaweji ikawa imebaki mahali pamoja tu: toleo la mia moja thelathini na moja, ukurasa wa thelathini na mbili, kabatini. Kuitoa haikuwezekana, kwa kuwa getini walinzi walimpekua Sikudhani kila jioni hadi soli za viatu. Lakini kuitazama aliweza, na kila Ijumaa aliitazama.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, bibi mkali wa maneno ambaye mtoto wa jicho alikuwa akimfunga macho taratibu, kwanza la kushoto, sasa na la kulia. Kila Ijumaa bibi huyu aliuliza swali moja.

"Mwanangu yu mzima humo kabatini?"

"Mzima, mama. Kavaa lile shati lake la mistari."

"Nami nataka nimwone kabla giza halijanishika. Hilo tu. Baada ya hapo lije."

Sikudhani aliinuka akaenda kubandika maji ya chai.

*

Siku moja Waziri wa Habari na Usahaulifu alisafiri kwenda mkutanoni ng'ambo. Huko mawaziri wenzake wakawa wanaulizana tovuti za majarida yao, na yeye akajikuta hana hata moja. Alirudi na hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Akaita waandishi wa habari pale pale uwanja wa ndege, akatoa agizo: Tulizana iwekwe kwenye tovuti, kuanzia toleo la kwanza ukurasa wa kwanza, hadi la mwisho ukurasa wa mwisho. Yote. Akarudia: yote. Neno la Waziri likisemwa mara mbili hugeuka sheria, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kunyanyua mkono kuuliza kama katika hayo yote imo na Orodha.

Sikudhani alipelekwa semina ya siku tatu, akarudi akiwa mtaalamu wa tovuti, wa kwanza na wa mwisho serikalini.

Mkurugenzi wa jarida alikuwa Bwana Lwambano, mtu mnene mwenye sauti ya jukwaani hata akiomba chumvi. Muhuri wa ofisi aliufunga kiunoni kwa mnyororo, akalala nao, akaenda nao misibani. Aliitisha kikao cha siku nne kujadili tovuti ni kitu gani. Siku ya nne walifikia uamuzi kwamba tovuti ni ofisi ya serikali isiyo na mlango, na kwa hiyo taratibu zote za ofisi za serikali zitaifuata huko iliko. Ikaamriwa ifunguliwe saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Saa saba hadi saa nane ipumzike kula. Sikukuu isifunguliwe. Picha ya Mlezi itundikwe juu, na iwe imeinama kidogo kwa mbele kama ilivyo katika ofisi zote. Kila ukurasa uchapwe kwanza kwenye karatasi nakala tatu, upigwe muhuri, ndipo upandishwe. Ukurasa wa kwanza Bwana Lwambano aliupiga muhuri kwenye kioo cha kompyuta yenyewe, kwa bashasha, akapigiwa makofi. Wino ule wa zambarau haukutoka tena. Sikudhani alifanya kazi miezi yote akichungulia pembeni mwa muhuri.

"Kuna jambo tumelisahau," Bwana Lwambano akasema, watu walipokuwa wanainuka. "Nani aliwahi kuona ofisi ya serikali isiyo na kitabu cha wageni?"

Kila mtu alikaa chini kwa aibu.

Hapa lazima nikueleze, maana hapa ndipo penyewe. Watu wa nchi ile wana kila tabia, lakini kupita kitabu cha wageni bila kukijaza hawawezi. Mtoto huko hujua safu zake kabla ya kujua kusoma: tarehe, jina kamili, utokako, umekuja kumwona nani, sababu, muda wa kuingia na wa kutoka, sahihi. Hospitalini, mgonjwa aliyebebwa na machela hunyoosha mkono kwanza aandike. Harusini bwana harusi hujaza, upande wa sababu akaweka "Kikazi" au "Binafsi" kadiri anavyojisikia. Na humo hakuna anayedanganya. Mtu atadanganya mahakamani, atadanganya kwenye fomu ya kodi, atamdanganya mkewe akimtazama usoni, lakini kitabu cha wageni kimemuuliza kwa heshima, na kalamu imefungwa kwa uzi isiende mbali, basi ataandika ukweli wake wote na kutia sahihi.

Kwa hiyo tovuti ya Tulizana ikawekewa kitabu cha wageni mlangoni. Hukijazi, huingii.

*

Mwezi wa kwanza walikuja wageni kumi na wawili, wote wafanyakazi wa jarida, kwa amri. Sababu: Kikazi.

Mwezi wa pili Sikudhani alifika toleo la mia moja thelathini na moja. Alishajua tangu siku ile ya uwanja wa ndege kwamba siku hii itakuja, na alikuwa amefunga mdomo kabisa, hata mama mkwe hakumwambia. Akaipiga skani picha ya mumewe. Ilitokea polepole kwenye kioo, kutoka juu kushuka chini, nywele, paji la uso, macho, na ilipofika shati la mistari ikaingia chini ya muhuri wa zambarau. Akachapa nakala tatu, akazipeleka kwa Mkurugenzi.

Bwana Lwambano alikwisha piga muhuri kurasa zaidi ya elfu nne. Mkono wake ulifanya kazi peke yake, ta, ta, ta, macho yakiwa dirishani. Kwenye ukurasa ule mkono ulisimama. Alimtazama Shaweji, ambaye walikunywa naye chai meza moja kwa miaka. Kisha akamtazama Sikudhani, kisha akautazama muhuri. Akapiga, ta, mara tatu. Akaagiza wino uongezwe.

Siku iliyofuata Sikudhani aliomba ruhusa ya ugonjwa. Saa moja na robo asubuhi yeye na Bi Mwanamvua walikuwa wamekaa uani juu ya mkeka, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Bibi alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya doti nzima, amejipaka wanja juu ya macho yasiyoona vizuri. Alisema mtu haendi kumwona mtoto wake na nguo za jikoni. Ilipotimia saa moja na nusu tovuti ikafunguka, na kitabu kikauliza.

Sikudhani akaandika kama alivyoelekezwa. Jina: Mwanamvua binti Salehe. Utokako: Mtaa wa Kisima. Umekuja kumwona nani: Mwanangu Shaweji. Ilipofika sababu, bibi alijiweka kanga sawa.

"Andika: nimemkumbuka."

"Mama, kuna Kikazi na Binafsi."

"Andika nilivyosema."

Akaandika. Picha ikafunguka. Bi Mwanamvua aliisogeza simu hadi ikagusa pua yake, upande wa jicho la kulia, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akipumua juu ya kioo na kukifuta kwa ncha ya kanga. Akamwambia mwanawe amekonda. Akamuuliza nani alimnyoa vibaya hivyo. Akamweleza jirani fulani kafa, na mwembamba yule wa dukani kaoa, na bei ya samaki ilivyo, habari za miaka tisa, moja baada ya nyingine, hadi saa saba tovuti ilipofungwa kwenda kula. Hapo aliiweka simu chini, akasema sasa macho yanaweza kwenda yanakokwenda. Sikudhani aligeukia ukutani akalia, na safari hii hakuwa na karatasi ya mtu ya kuiharibu.

*

Sasa jambo la namna hiyo halikai uani mwa mtu mmoja. Jirani aliyesikia bibi akizungumza alikuwa na kaka yake toleo la tisini na sita. Jirani wa jirani alikuwa na baba, toleo la hamsini. Mwisho wa mwezi wageni walikuwa elfu tatu. Mwezi uliofuata, elfu kumi na tisa. Watu walitega saa moja na nusu asubuhi kama wanaotega basi la kwenda hija. Walivaa vizuri, walikaa na watoto wao, na kwenye kitabu waliandika ukweli kama walivyozoea. Kumwona: mke wangu. Sababu: leo ni siku tuliyooana. Kumwona: baba. Sababu: sijawahi kumwona. Kumwona: mwalimu wangu wa hesabu. Sababu: nimefaulu.

Mwezi wa tano Sikudhani alihesabu wageni elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na sita.

Waziri alifurahi jamani, alifurahi hadi akapiga magoti mbele ya kamera. Akaandaa sherehe, akavishwa shada, akahutubia kwa saa mbili na dakika arobaini. Alisema idadi ile, ambayo aliitamka mara kumi na moja, ni ushahidi kwamba wananchi wana njaa ya kumtazama Mlezi akikagua madaraja. Alisema maadui wa nchi sasa wafe kwa kijiba. Mwisho akatulia, akashusha sauti kama mtu anayetaka kutoa zawadi.

"Ndugu wananchi, serikali yenu ina adabu. Mtu akikutembelea, nawe unamtembelea. Wageni hawa wote wamekuja kwetu, wakaandika majina na wanakotoka. Tutarudisha ugeni. Tutawafikia mmoja mmoja, majumbani mwao."

Ukumbi ukapiga makofi. Sijui kama Waziri alikuwa amekwisha kusoma kile kitabu, au kuna aliyemsomea safu ya tano. Mimi msimulizi tu, mambo makubwa hayo siyajui. Najua kwamba kesho yake Wizara ilipokea magari mapya sitini yenye vioo vyeusi, na kwamba Bwana Lwambano alipokea barua: kitabu cha wageni kichapwe nakala tatu, kipigwe muhuri kila ukurasa, kifike Wizarani Ijumaa kabla ya saa sita.

*

Aliileta barua hiyo mwenyewe chumba cha kumbukumbu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikaa kwenye kiti cha mbao kilichomlalamikia, akauchezea muhuri wake. Alianza na sauti ya jukwaani, akasifu mafanikio ya tovuti, akasifu uongozi. Halafu sauti ikamwishia.

"Bi Sikudhani, hicho kitabu umekipitia?"

"Nimekipitia, mzee."

"Wote wamo?"

Sikudhani alijua alikokuwa anapapasa. Mstari wa elfu nane na mbili: Erasto Lwambano, Mtaa wa Maofisa, kumwona dada yangu Leokadia, toleo la sabini, sababu: mama anauliza. Mtu wa muhuri na mnyororo, naye amejaza ukweli kama wengine, na ametia sahihi.

"Wote wamo," akasema.

Bwana Lwambano alitikisa kichwa kama anayekubaliana na jambo jema. Akasema Ijumaa atapiga muhuri chochote atakacholetewa, kwa kuwa macho yake siku hizi hayamsaidii kusoma maandishi madogo. Akatoka, na mlangoni alijaza kitabu cha wageni cha chumba kile, muda wa kutoka.

Sikudhani alikaa mbele ya kompyuta siku hiyo nzima na ya pili yake. Kukifuta kitabu hakukuwezekana: idadi ilikwisha tamkwa na Waziri mara kumi na moja, na hapawezi kuwepo idadi ya Waziri pasipo majina yake. Kutunga majina ya uongo alijaribu, akaandika matatu, akaacha. Katika nchi ile, jina lolote utakalolitunga, magari sitini yatampata mtu wa kulibeba, masikini ya Mungu, yuko kwake anamenya viazi. Alitafuta jina ambalo angekuwa na haki ya kuwakabidhi. Akalipata moja tu.

Kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote nchini ilikuwa kuondoa jina bila kuchana ukurasa. Miaka kumi na minne alikuwa ameifanyia serikali. Sasa akaifanya kwa ajili ya wageni wale, na hakuhitaji wembe, semina ya siku tatu ilitosha. Akamtoa yule aliyekuja kumwona mwalimu wake wa hesabu. Akamtoa mtoto aliyekuwa hajawahi kumwona baba. Akamtoa Erasto Lwambano. Akamtoa Mwanamvua binti Salehe, na mstari huo aliusoma upya kwanza, maana lile neno moja la sababu alilipenda. Kila alipomtoa mtu alimweka Sikudhani Mbaruku, Mtaa wa Kisima, kumwona mume wangu. Mara elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na sita. Kisha akakifuta kile cha mwanzo hadi mahali ambapo hata yeye asingeweza kukirudisha, akachapa.

Ijumaa Bwana Lwambano alipiga muhuri tangu asubuhi. Alitazama dirishani muda wote. Kuna wakati shavu lake lililowa, akalalamikia vumbi.

*

Wizarani kitabu kilizua kikao. Wengine walisema haiwezekani mtu mmoja kumtembelea mumewe mara elfu arobaini na moja. Wakaoneshwa muhuri. Wakanyamaza, kwani kilichopigwa muhuri kimekwisha kutokea. Tena Waziri alisema wageni elfu arobaini na moja, hakusema watu elfu arobaini na moja. Magari hamsini na tisa yakagawiwa kwa wakubwa. Moja likatumwa Mtaa wa Kisima, saa nne asubuhi, kwa kuwa ugeni wa serikali hurudishwa saa za kazi.

Sikudhani alikuwa anawangoja. Alikuwa amefagia uwanja, amechemsha chai, amemkalisha mama mkwe kwenye kiti chake sebuleni chini ya ile alama nyeupe. Na mlangoni, juu ya kigoda, alikuwa ameweka daftari jipya la shule, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula, safu zote zipo, hata za idadi ya wanaoingia na wanaotoka. Kalamu aliifunga kwa uzi.

Wakashuka wanne, nguo za kiraia, maboksi ya kitabu kilichopigwa muhuri wakayaacha garini. Kiongozi wao alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Aliingia nyumba za watu zisizo na hesabu, na hakuna nyumba hata moja aliyowahi kuachia jina lake, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza aliyofundishwa. Akafika kizingitini, akaliona daftari.

"Karibuni," Sikudhani akasema. "Mtuwie radhi, ni utaratibu tu."

Yule bwana alisimama. Aliitazama kalamu na uzi wake, na nafikiri kuna kitu ndani yake kilijaribu kukataa, lakini mkono ulikwisha kwenda. Akainama, akaandika. Wenzake walipanga foleni nyuma yake, mmoja akivua kofia, wakajaza kila mtu mstari wake, kwa mwandiko mzuri, pamoja na vyeo na kituo wanakotoka, wakatia sahihi. Ndipo wakaingia kumchukua.

Sikudhani alimbusu mama mkwe wake mkono. Alimwambia chai iko kwenye chupa, na daftari aliweke karibu. Chai yenyewe wageni hawakuinywa, walisema wana haraka. Wakati wa kutoka kiongozi alirudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa alikuwa hajajaza muda wa kutoka na jambo hilo lilimkera.

Tovuti ya Tulizana ilifungwa wiki hiyo, na ukiitafuta leo utakuta maandishi kwamba ipo katika matengenezo. Jarida linaendelea kuchapwa kwenye karatasi. Toleo lililofuata lilikuwa na picha ndogo ya mwanamke wa makamo, wananchi wakaisoma, wakatia sahihi kwamba wamemsahau, wakarudisha nakala. Bwana Lwambano ndiye aliyekabidhiwa wembe kwa muda, hadi apatikane mtu.

Ila ukipita mitaa ya nchi ile siku hizi, utaona mlangoni pa kila nyumba kigoda, daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Serikali haijapata la kusema, maana ni utaratibu wake yenyewe.

La kwanza bado analo Bi Mwanamvua, haoni kabisa sasa. Hulikalia mchana kutwa, na jirani mwenye kujua kusoma akipita humwita ndani, akamfungulia ukurasa wa kwanza, akamwambia amsomee mstari wa juu, polepole, asiruke kitu. Nami nilipita, nikaitwa, nikasoma. Jina kamili: Inspekta Gaspari Chikoti. Utokako: Makao Makuu, chumba namba tisa. Umekuja kumwona nani: Sikudhani Mbaruku. Sababu: Kikazi. Muda wa kuingia: saa nne na dakika kumi. Walioingia: wanne. Muda wa kutoka: saa nne na dakika ishirini na tano. Waliotoka: watano.